Kingamwili Zizuiazo Donge la Damu katika Ateri

Ivuna, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, ni mahali pa chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi zilizo kusini mwa Ziwa Rukwa ziliwavuta watu tangu kale. Uchimbuzi uliofanywa hapo na Brian Fagan na John Yellen, ambao taarifa yake ilichapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba wenyeji walikuwa wakitengeneza chumvi karne nyingi kabla ya ukoloni.

Mchemsha chumvi akijikata kidole kwa kigae cha chungu, damu humtoka kwa dakika chache, kisha hukoma yenyewe. Donge dogo limeziba jeraha, naye huendelea na kazi yake. Lakini donge la namna hiyo hiyo likifanyika ndani ya ateri ya moyo au ya ubongo, mtu yule yule aweza kufa, au kupooza upande mmoja wa mwili, kabla ya jua kuchwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi wanasayansi walivyojifunza kulizuia donge hili la pili kwa kutumia kingamwili, na kwa nini hadi leo ni vigumu kulizuia bila kuligusa lile la kwanza.

CHEMBE SAHANI NA KAZI YAKE

Wanafunzi wa biolojia wanafahamu kwamba damu ina chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Chembe sahani ni ndogo kuliko zote. Kipenyo chake ni kama mikroni 2 hadi 3 tu, nazo hazina kiini, kwa sababu ni vipande vilivyomeguka kutoka katika seli kubwa za uboho. Huishi siku 7 hadi 10, kisha huondolewa na kuja nyingine. Milimeta moja ya ujazo ya damu ya mtu mwenye afya huwa na chembe sahani zipatazo 150,000 hadi 400,000.

Maadamu ukuta wa ndani wa mshipa ni mzima, chembe sahani hupita bila kugusana. Ukuta ukipasuka, nyuzi za kolajeni zilizokuwa zimefichika hufunuliwa. Protini iitwayo protini ya von Willebrand hunata juu ya nyuzi hizo na kuzinasa chembe sahani zinazopita kwa kasi. Chembe iliyonaswa hubadili umbo, huota vijimiiba, na kumwaga kemikali ziziitazo nyingine. Miongoni mwa kemikali hizo ni adenosini difosfati na tromboksani.

Sasa hufuata hatua ya mwisho, ambayo ndiyo kiini cha maelezo yetu. Juu ya kila chembe sahani kuna vipokezi vingi viitwavyo glikoprotini IIb/IIIa. Chembe ikiwa imetulia, vipokezi hivi huwa vimejikunja. Chembe ikiamshwa, hufunguka na kuwa tayari kushika fibrinojeni, ambayo ni protini ndefu iliyomo katika damu. Tunaweza kulinganisha jambo hili na mitumbwi iliyo ziwani. Tuseme kila mtumbwi una pete nyingi ubavuni, na majini zinaelea kamba zenye kulabu kila mwisho. Kulabu moja ikishika pete ya mtumbwi huu, na ya pili ikashika pete ya mtumbwi ule, punde mitumbwi yote itakuwa imefungamana na kuziba mlango wa bandari. Pete ndizo vipokezi, kamba ndiyo fibrinojeni.

KWA NINI ATERI?

Madonge ya damu hayafanani. Donge la ndani ya vena, ambamo damu huenda polepole, hujaa zaidi nyuzi za fibrini na chembe nyekundu. Donge la ndani ya ateri, ambamo damu huenda kasi, hujengwa zaidi na chembe sahani. Kwa sababu hiyo dawa kama heparini na warfarini, ambazo huzuia utengenezaji wa fibrini, hutumika sana kwa madonge ya vena, na kwa ateri hutafutwa dawa za kuzizuia chembe sahani.

Mara nyingi ateri iliyoziba ilianza kuharibika miaka mingi nyuma. Shinikizo kubwa la damu, uvutaji wa sigara, ugonjwa wa kisukari na wingi wa kolesteroli huudhoofisha ukuta wake, na ndani ya ukuta hujengeka uvimbe wenye mafuta. Siku moja utando wa uvimbe huo hupasuka. Chembe sahani haziwezi kutofautisha mpasuko huo na jeraha la kigae. Huitika kama ilivyo desturi yake, na mkondo wa damu huzibwa.

UGONJWA ULIOFUNDISHA

Mwaka 1918 daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, alieleza ugonjwa wa kurithi ambao wagonjwa wake hutokwa na damu kwa muda mrefu puani, katika ufizi na kila wanapojeruhiwa. La ajabu ni kwamba hesabu ya chembe sahani zao ilikuwa ya kawaida. Chembe zilikuwapo, lakini hazikushikamana. Katika miaka ya 1970 Alan Nurden na Jacques Caen, huko Paris, waligundua kwamba chembe sahani za wagonjwa hao zina upungufu wa glikoprotini juu yake. Kwa lugha ya mfano wetu, mitumbwi ilikuwapo na kamba zilikuwapo, ila pete hazikuwapo.

Ugonjwa huo ulitoa fundisho kubwa. Ikiwa mtu asiye na vipokezi hivyo hawezi kufanya donge la chembe sahani, basi mgonjwa wa moyo akizibiwa vipokezi vyake kwa saa chache tu, donge halitaweza kukua ndani ya ateri yake. Ilibaki kupata kitu cha kuviziba, chenye kuvijua vipokezi hivyo na kuviacha vingine vyote.

KINGAMWILI KUTOKA KWA PANYA

Kingamwili ni protini itengenezwayo na mwili kupambana na kitu kigeni. Umbo lake ni kama panda ya manati. Ncha zake mbili za juu hushika kitu kimoja maalumu, na mkia wake huwaita walinzi wengine wa mwili waje kukiangamiza. Mwili hutengeneza aina nyingi mno za kingamwili kwa pamoja, na kwa muda mrefu haikuwezekana kupata aina moja tu kwa wingi.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli ya panya itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Seli chotara iliyopatikana ilirithi sifa zote mbili: ilitengeneza kingamwili ya aina moja, na iliendelea kuzaana bila kikomo. Kingamwili za namna hii twaweza kuziita kingamwili za ukoo mmoja. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

Huko Stony Brook, katika jimbo la New York, Marekani, daktari Barry Coller aliitumia njia hiyo. Panya walichanjwa kwa chembe sahani za binadamu, kisha zikachunguzwa kingamwili za seli chotara nyingi, moja baada ya nyingine, ili kuona ni ipi itakayozizuia chembe sahani zisinate kwenye fibrinojeni. Katika miaka ya 1980 alipata kingamwili iliyopewa jina la 7E3. Ilikishika kipokezi na kuifungia nje fibrinojeni.

Hata hivyo, palikuwa na hatari mbili. Kwanza, kingamwili ya panya ni kitu kigeni katika mwili wa mtu, na mwili waweza kuipinga. Pili, kingamwili nzima yenye mkia ingewaita walinzi wa mwili, nao wangeziangamiza chembe sahani zenyewe. Kwa hiyo mkia ulikatwa, na sehemu kubwa ya ncha iliyobaki ikabadilishwa kuwa ya binadamu, ikaachwa sehemu ya panya ile tu ishikayo kipokezi. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, absiksimabu, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 1994.

HESABU YA VIPOKEZI

Wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea wanaweza kukadiria wenyewe kiasi cha dawa kinachohitajiwa.

Mchukue mtu mzima mwenye lita 5 za damu, na chembe sahani 250,000 katika kila milimeta ya ujazo. Lita moja ina milimeta za ujazo 1,000,000, kwa hiyo lita 5 zina 5,000,000. Jumla ya chembe sahani ni 250,000 × 5,000,000, yaani 1.25 × 10¹². Kila chembe sahani ina vipokezi vipatavyo 80,000 juu yake. Jumla ya vipokezi ni 1.25 × 10¹² × 80,000, yaani 1 × 10¹⁷.

Ikiwa kila molekuli ya dawa huziba kipokezi kimoja, tunahitaji molekuli 1 × 10¹⁷. Tukigawa kwa namba ya Avogadro, 6.02 × 10²³, tunapata moli 1.66 × 10⁻⁷. Moli moja ya absiksimabu ina uzito wa gramu 47,600 hivi. Basi uzito unaohitajiwa ni gramu 0.0079, yaani kama miligramu 8.

Kipimo cha kwanza walichopewa wagonjwa kilikuwa miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 17.5, kiasi kinachozidi kidogo mara mbili ya hesabu yetu. Ziada hiyo inaeleweka. Kama theluthi moja ya chembe sahani za mwili hukaa katika bandama, na vipokezi vingine vimejificha ndani ya chembe zenyewe. Baada ya kipimo cha kwanza, dawa iliendelea kutiririshwa polepole katika mshipa kwa muda wa saa 12.

KIFUTU NA PAPASI

Binadamu hakuwa wa kwanza kukiziba kipokezi hiki. Kifutu, nyoka mnene ambaye sehemu nyingine huitwa moma au bafe, anafahamika sana nchini mwetu. Mwaka 1989 watafiti walieleza protini ndogo waliyoipata katika sumu yake, wakaiita bitistatini. Ina mfuatano wa asidi amino tatu, yaani arginini, glisini na asidi aspati, unaotoshea ndani ya glikoprotini IIb/IIIa na kuizuia fibrinojeni. Sumu za nyoka wengine zilifundisha kutengeneza dawa mbili, eptifibatidi na tirofibani, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hizo ni molekuli ndogo zaidi kuliko kingamwili.

Papasi naye, mdudu akaaye katika nyufa za nyumba za udongo na kueneza homa ya papasi, hunyonya damu ya mtu aliyelala. Damu ikiganda mdomoni mwake atashinda njaa. Mwaka 1994 ilielezwa kwamba mate yake yana protini iitwayo disagregini, nayo huziba kipokezi kile kile, ingawa haina mfuatano ule wa kifutu. Viumbe viwili visivyo na udugu vimefika kwenye pete ile ile kwa njia mbili tofauti, jambo linaloonyesha jinsi kipokezi hiki kilivyo muhimu katika kugandisha damu.

Msomaji asikosee hapa. Sumu ya kifutu ina vitu vingi vinavyoharibu mwili, na aliyeumwa hana budi kufikishwa hospitali upesi.

FAIDA NA GHARAMA

Je, kingamwili hii ilisaidia? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1994, wagonjwa 2,099 waliokuwa wakipanuliwa ateri za moyo kwa puto, na ambao hatari yao ilikuwa kubwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika siku 30, miongoni mwa waliopewa dawa bandia, asilimia 12.8 walikufa, au walipata shambulio la moyo, au walihitaji kufunguliwa mshipa kwa dharura. Miongoni mwa waliopewa kingamwili kwa kipimo cha kwanza na kisha kutiririshiwa, walikuwa asilimia 8.3. Hata hivyo waliotokwa na damu nyingi walikuwa asilimia 14 katika kundi hili, na asilimia 7 katika lile la kwanza. Baadaye ilifahamika kwamba kupunguza heparini iliyotolewa pamoja na kingamwili hupunguza utokaji huo wa damu.

Mafanikio hayo yaliwatia watu hamu ya kwenda mbali zaidi. Vilitengenezwa vidonge vya kuziba kipokezi hicho kila siku kwa muda mrefu, lakini majaribio yalionyesha kwamba vifo viliongezeka badala ya kupungua. Absiksimabu ilijaribiwa pia kwa wagonjwa wa kiharusi. Jaribio kubwa lilisimamishwa mwaka 2005 kwa sababu damu ilivuja ndani ya ubongo wa wagonjwa wengi mno. Siku hizi dawa nyingine za kumeza, kama klopidogreli, zimechukua nafasi kubwa katika matibabu ya ateri za moyo, na watengenezaji wameiacha absiksimabu.

Elimu iliyopatikana haikupotea. Mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walieleza kwamba ngamia na jamaa zake wana kingamwili za namna ya pekee, zenye sehemu ya kushikia iliyo ndogo na rahisi kuliko ya wanyama wengine. Kutokana na kingamwili ya lama, mnyama wa ukoo wa ngamia, ilitengenezwa kaplasizumabu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018. Dawa hii huishika protini ya von Willebrand na kuizuia isizinase chembe sahani, nayo hutumika kwa ugonjwa adimu ambao madonge madogo huziba mishipa midogo ya mwili mzima. Wataalamu wengine wamekuwa wakijaribu kingamwili dhidi ya kipokezi cha kolajeni, wakitumaini kwamba kuzuia mwanzo wa donge ndani ya ateri hakutaleta utokaji mkubwa wa damu kama kuzuia mwisho wake.

KUTOKA MAABARA HADI IVUNA

Huenda mwanafunzi akauliza: mambo haya yana manufaa gani kwa mtu wa Ivuna? Swali hilo ni la haki. Kupanua ateri ya moyo kwa puto huhitaji mitambo na wataalamu kama wale wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka Tunduma. Donge la ateri halisubiri safari ya namna hiyo.

Aidha, mtu asidhani kwamba magonjwa haya ni ya nchi tajiri. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, waliopata kiharusi kwa mwaka walikuwa 108.6 kati ya kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni kikubwa hata kikilinganishwa na nchi za viwanda.

Bahati njema ni kwamba kanuni ile ile ya kuzizuia chembe sahani hupatikana katika kidonge cha bei nafuu, yaani aspirini. Mwaka 1971 John Vane alieleza kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa kemikali za jamii ya prostaglandini. Tromboksani, kemikali ya kuziita chembe sahani nyingine, hutokana na njia hiyo hiyo. Kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza upya kimeng'enya kilichoharibiwa, na hubaki hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Katika jaribio la mwaka 1988 lenye wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo, aspirini kidogo kila siku kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 23.

Lakini hapa pia somo la kingamwili halina budi kukumbukwa: kila kinachozuia donge huongeza hatari ya kuvuja damu. Kiharusi ni cha aina mbili. Kimoja hutokana na ateri kuzibwa, kingine hutokana na mshipa kupasuka ndani ya ubongo. Kwa macho aina hizi hufanana, na picha ya ubongo ya mashine ya CT ndiyo huzitenganisha. Aspirini iliyo dawa kwa mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Kwa sababu hiyo mtu aliyepooza ghafla asipewe aspirini nyumbani. Apelekwe hospitali bila kukawia. Wala asitokee mtu mwenye afya akajianzishia aspirini ya kila siku bila ushauri wa daktari.

Kinga iliyo karibu zaidi ni kuulinda ukuta wa ateri usifikie kupasuka. Na hapa twarudi kwenye chumvi. Chumvi ikizidi mwilini huongeza shinikizo la damu, nalo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kiharusi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Kupima shinikizo la damu katika zahanati huchukua dakika chache. Aliyekutwa nalo akitumia dawa zake bila kukatiza, huwa ameepusha madonge mengi ambayo hata kingamwili bora isingewahi kuyafikia.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Mgonjwa wa Glanzmann ana chembe sahani za kutosha. Kwa nini damu yake hukawia kukoma anapojeruhiwa?

2. Rudia hesabu ya vipokezi kwa mtu mwenye lita 4 za damu na chembe sahani 400,000 katika kila milimeta ya ujazo. Anahitaji miligramu ngapi za dawa?

3. Kwa nini mkia wa kingamwili ulikatwa kabla ya kutumiwa kwa wagonjwa?

4. Seli yenye kiini ingeathiriwa na aspirini kwa muda mrefu kama chembe sahani? Eleza.